Kamba Isiyo na Ncha

Katika Thika ya miaka ile ya hamsini hapakuwa na mtu wa kunishinda kusokota kamba ya mkonge. Shule niliiachia darasa la pili, na bado mashamba ya kahawa yalinitafuta mimi. Sijisifu, nasema yaliyokuwako, na Mungu namshukuru.

Aliyenitoa jasho ni mmoja tu: mwalimu wa kanisa kule Ruiru, baba ya msichana niliyetaka kumwoa. Nilienda na mjomba wangu awe msemaji, maana kwetu mwenye kuposa hukaa kimya. Mwalimu akazungumzia mvua, kisha akauliza kama mbingu zina mwisho. Mjomba akakohoa. Mimi nikadakia kwamba kila kitu kina mwisho, hata kamba inayo miwili.

“Na ng'ambo ya huo mwisho kuna nini, kijana?”

Nikasema ukuta. Akauliza nyuma ya ukuta. Nikaongeza ukuta mwingine. Wazee wakacheka mpaka machozi, mjomba akanivuta koti. Tulirudi Thika bila jibu la posa.

Wiki ile nilikuwa naunga kamba ya kuzungusha mashine ya kumenya kahawa. Ncha moja unaisukia ndani ya nyingine mpaka kiungo kisionekane. Nikaipitisha vidoleni, ikazunguka tu, mwisho sikuuona, na kamba yenyewe fupi. Nikaunga nyingine ndogo, tukaenda nayo Ruiru pamoja na kibuyu cha uji wa posa, mjomba akininung'unikia njia nzima.

Mwalimu aliipitisha vidoleni, akiutafuta mwisho. Akasema amesoma gazetini kwamba wataalamu nao wanabishana: wengine huona anga linaendelea tu bila kikomo, wengine wanasema huenda limejikunja likajirudia, halina ukingo na bado lina kipimo chake.

“Wewe unasemaje? Mbingu ziko kama kamba yako?”

Ulimi uliniwasha. Neno “ndiyo” lilikuwa limeshafika kwenye meno.

“Sijui, baba.”

“Haya. Nilikuwa naogopa kumpa binti yangu mtu mwenye jibu la kila kitu.”

Akamwita binti, akamwuliza mbele yetu kama uji tuliouleta unywewe. Kwetu msichana akikataa, kibuyu hurudi kimejaa. Binti akasema tunywe. Mzee yule namshukuru mpaka leo. Uji niliumimina mwenyewe, na sikumwaga hata tone.