Leticia, Mke wa Mtu kwa Mujibu wa Printa

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na tambara la kufutia vumbi, miaka kumi na minne na adhabu ya wiki mbili. Nilikuwa nimecheka katikati ya Misa nikiwa mtumishi wa altare, mbele ya Wakristo wote, na Paroko akaamua kwamba kicheko changu kitaisha nikifanya usafi ofisini. Hakikuisha. Wiki mbili zikawa miaka mitatu, na sasa nimestaafu nikiwa na miaka kumi na saba, mgongo bado mzima, ndevu bado hazijawasili. Nawaandikia ninyi wajukuu zangu wa kidato cha kwanza ili mjue jinsi kumbukumbu zilivyotunzwa enzi zetu, yaani mpaka mwezi uliopita.

Parokia yetu ni ndogo, iko njia ya kwenda Ushirombo, na jina lake silitaji kwa sababu Paroko anasoma kila kitu. Ofisi ilikuwa na kompyuta mbili zilizounganishwa kwa waya uliopita juu ya kabati la mishumaa. Ndani yake mlikuwa na kanzidata, maana yake daftari kubwa la kwenye kompyuta ambalo unaweza kuliuliza swali nalo likakujibu. Hilo letu lilibeba majina ya waliobatizwa, kipaimara chao na ndoa zao. Programu ilitengenezwa na mtu wa kujitolea kabla sijazaliwa, akaenda zake, na hakuna aliyekumbuka hata sura yake. Nilipoifungua mara ya kwanza niliiamkia.

Wakubwa wangu walikuwa watatu. Juu kabisa Paroko. Chini yake Katibu wa Parokia, Mama Devota, aliyeandika kwa vidole viwili kwa kasi ya cherehani. Na Katekista Mkuu, Mzee Masanja, aliyeandika kwa kidole kimoja, lakini kidole hicho kilikuwa kimelima pamba miaka arobaini, na kitufe kikiguswa nacho kilijua kimeguswa.

Siku hiyo ya kwanza nilimkuta Mama Devota amekunja uso.

"Limegoma tena," alisema. "Linaniambia faili linatumiwa na mtu mwingine. Mtu gani? Mzee Masanja yuko Segese tangu juzi."

Mimi nikaendelea na vumbi langu. Kompyuta ya Mzee Masanja ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua, kama vile vya kwenye makochi. Nikakiinua nifute, nikakuta chini yake kioo kinawaka, na jina la mtoto limeandikwa nusu. Mzee hakuwa na desturi ya kufunga programu. Kwake yeye kufunga ni kupoteza. Alipomaliza kazi alikuwa anaifunika, ilale. Nikahifadhi, nikafunga, na mezani kwa Mama Devota mambo yakafunguka.

"Umefanya nini?"

"Nimefuta vumbi, mama."

Hapo ndipo nilipopandishwa cheo. Somo lake ni hili: programu za zamani zinapofunguliwa huweka kifaili kidogo pembeni, tunachokiita kufuli, cha kuandika nani yuko ndani; wawili huingia pamoja bila shida, ila mmoja akiacha jina nusu bila kuhifadhi, mwenzake hufungiwa. Ukikuta mlango umefungwa usiitukane mashine. Tafuta nani hajatoka, na uangalie chini ya vitambaa.

Kituo changu cha pili kilikuwa printa, umbali wa hatua tatu kutoka kituo cha kwanza. Pale ripoti ndizo zilizonikomaza. Ripoti ni ukurasa ambao kanzidata inaupanga ili uchapwe, na kwetu ripoti kuu ilikuwa cheti cha ubatizo. Kila cheti kilifuatwa na karatasi nyeupe tupu. Paroko alizikusanya zile nyeupe kwa ajili ya mazoezi ya kwaya na kuniuliza kama printa ina pepo.

"Hapana, Padre. Cheti ni kipana kuliko karatasi. Kile kinachozidi kinatafuta ukurasa wake."

"Kinachozidi ni nini?"

"Hewa tu, Padre. Aliyekichora aliacha nafasi kulia."

Nikaisogeza ile nafasi kwa upana wa kidole. Karatasi nyeupe zikakoma, kwaya ikakosa daftari, na mwalimu wa kwaya hajanisamehe mpaka leo.

Basi nije kwenye jambo lililonifanya niheshimike, ingawa nyumbani bado naosha vyombo.

Likizo ya mwaka jana, siku ya Jumatano, alikuja Dada Leticia kuchukua cheti cha ubatizo. Alikuwa anafunga ndoa Jumamosi na Emanueli, mwanaapolo wa Segese, yaani mchimbaji wa kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, kijana mpole ambaye vumbi la dhahabu lilikuwa limemzoea kuliko dhahabu yenyewe. Kanisani kwetu bila cheti kipya hakuna ndoa, maana cheti ndicho kinachoonyesha kama mtu yuko huru. Mama yake Emanueli alikuwa amemsindikiza mkwe, kanga mpya, uso wa sherehe.

Nikachapa. Mama Devota akachukua karatasi, akaisoma, akaisoma tena.

"Leticia mwanangu," alisema taratibu, "hapa panasema umefunga ndoa. Geita. Miaka miwili iliyopita."

Sasa mjue kwamba miaka miwili iliyopita Leticia alikuwa Geita kweli, akiuza chakula kwa wachimbaji. Na Emanueli alilijua hilo, na mama yake alilijua zaidi.

"Mimi?" Leticia alisema. "Na nani?"

"Na Deusi."

"Deusi gani?"

Mama mkwe akafunga mkoba wake. "Binti, unatuuliza sisi?" Akatoka nje, akasimama kwenye jua, akatoa simu.

Leticia hakulia. Alinigeukia mimi. "Wewe mdogo wangu ndiye uliyebonyeza. Kiambie hicho kiboksi chako cha uongo kwamba sina mume. Nina masufuria ya kukodi tu na keki iliyokwisha agizwa."

Wajukuu zangu, mpaka siku ile kila kitu kwangu kilikuwa mchezo. Nilitaka kusema utani fulani kuhusu Deusi, na nashukuru ulimi uligoma.

Tungeangalia daftari kuu la mkono, lakini la miaka yao lilikuwa limepelekwa kujalidiwa upya baada ya mchwa kulionja. Ilibaki mashine. Kila mbatizwa alikuwa na namba yake, na ndoa ilifungwa kwenye namba, siyo kwenye jina. Nikaacha ile fomu nzuri yenye picha ya njiwa, ambayo huonyesha mtu mmoja mmoja, nikaliuliza lile daftari la kompyuta lenyewe: nipe kila mwenye namba ya Leticia.

Likanipa wawili. Leticia, na Skolastika wa kigango cha jirani.

Mama Devota akarukia boksi la taarifa za ndoa zinazotumwa na parokia nyingine, na kwenye herufi ya S akaitoa: Skolastika, na Deusi, Geita. Ndoa ilikuwa ya Skolastika. Ilining'inia kwenye namba, ripoti ikamvisha kila aliyekuwa na namba hiyo.

Nilidhani tumemaliza. Paroko akaiweka ile taarifa mezani, akatutazama.

"Vizuri. Hii si ya Leticia," alisema. "Na ya Leticia je?"

"Hana, Padre."

"Unajuaje? Kama ndoa ya Skolastika ilienda kwa Leticia, ya Leticia inaweza kuwa imeenda kwa mwingine. Sisaini mpaka mniambie ni wangapi wamegongana, na kwa nini."

"Padre, Jumamosi ni mtondo," alisema Mama Devota.

"Ndiyo maana nawahimiza."

Alhamisi asubuhi nikaiagiza mashine initajie kila namba yenye watu zaidi ya mmoja. Zikaja jozi kumi na tisa. Wakubwa wangu walikuwa wamekaa kila mmoja mezani kwake, wakiingiza wabatizwa wa vitabu vya zamani kama walivyofanya siku zote, na kila mmoja alikuwa na hakika kosa ni la mwenzake, ila kwa adabu.

"Mzee, wewe kidole chako kizito. Pengine kinabonyeza mara mbili."

"Mayu," yaani mama kwa Kisukuma, "na wewe kwa kasi ile, pengine unapita namba kabla haijafika."

Kanzidata ilikuwa inaandika muda wa kila ingizo, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukitazama. Nikapanga zile jozi kwa muda. Saa sita na dakika nne. Saa sita na dakika tano. Saa sita na dakika nne. Siku tofauti, miaka tofauti, lakini zote kumi na tisa saa sita na dakika chache. Nikafikiria umeme. Nikafikiria njaa. Nikamfikiria pepo wa printa, nikamuomba radhi kwa kumkana.

Kengele ya kanisa ikagonga. Adhuhuri. Wote tukasimama, maana kengele hiyo ni ya Malaika wa Bwana, na katika ofisi ya parokia hata simu huachwa iite. Tukasali. Tukafanya ishara ya msalaba. Mama Devota akakaa, Mzee Masanja akakaa, mikono miwili ikaenda kwenye vipanya viwili, na nikasikia *tik* moja. Moja tu, kama kwaya iliyofanya mazoezi.

Nikacheka. Ndiyo, tena kabla "Amina" haijapoa.

"Mtoto huyu," alisema Mama Devota.

"Mama, usiguse kitu. Mzee, na wewe. Someni namba zenu."

Wakasoma. Ilikuwa ileile.

Kitufe cha "Mpya" kilifanya kazi hivi: kinachungulia namba kubwa kuliko zote, kinaongeza moja, kinakupa. Lakini namba haikuandikwa popote mpaka uhifadhi. Aliyeitengeneza alidhani ofisi itakuwa na mtu mmoja. Saa nyingine zote wale wawili walipishana. Saa sita tu ndipo walipoanza pamoja, kwa sababu walimaliza kusali pamoja. Zile jozi kumi na tisa ndizo siku ambazo hakuna aliyechelewa kukaa.

Paroko alipoitwa alisikiliza, kisha akauliza, "Kwa hiyo ni sala?"

"Ni bidii baada ya sala, Padre."

Akashauri waanze kwa zamu. Tukajaribu palepale.

"Anza wewe, mayu."

"Hapana, mzee, wewe ndiye mkubwa."

"Mimi nakuachia."

"Basi nami nakuheshimu."

Vipanya vikaachwa. Kisha kila mmoja akaona mwenzake amekataa kweli, na *tik* ikasikika tena, moja.

Nikaona adabu haitibiki. Nikabadilisha kile kitufe kisitoe namba mpaka wakati wa kuhifadhi, na nikaiambia kanzidata ikatae namba iliyokwisha kupata mtu. Mchana kutwa na Ijumaa asubuhi tukapitia jozi zote, Mama Devota akisoma taarifa za kwenye boksi, Mzee Masanja akiwataja watu kwa sura na ukoo, mimi nikiwapa namba mpya. Ndoa nne zilihama zikarudi kwa wenyewe. Ya Leticia haikuwepo popote.

Paroko akasaini Ijumaa saa saba. Mama mkwe aliletwa, akaambiwa yote, akataka na yeye aonyeshwe. Tukamwonyesha Skolastika upande huu na Leticia upande ule. Akavaa miwani.

"Kwa hiyo mkwe wangu alipewa mume na hiki kiboksi?"

"Ndiyo, mama."

"Na kimemnyang'anya?"

"Kimemnyang'anya."

"Wabeja," alisema kwa Kisukuma, yaani asante, na alikiambia kiboksi, siyo mimi. Kisha akamshika Leticia mkono, wakaondoka wakibishana juu ya masufuria.

Nimestaafu kwa sababu mitihani ya kidato cha nne imekaribia na mama amesema kanzidata haitanifanyia hesabu. Mwenzenu mmoja wa kidato cha pili amechukua kiti changu, na namwonea huruma, maana pale hakuna shida iliyobaki ya kumpa umaarufu. Mtakaoingia kazi hii mtafundishwa kwamba hitilafu iko kwenye waya au kwenye programu. Tazameni pia watu wanavyokaa, wanavyosimama, wanavyoheshimiana. Mimi sikufanya kingine chochote cha maana.

Jumatatu baada ya harusi Mzee Masanja aliniletea karatasi ya ndoa niiingize. Nikatafuta namba ya Leticia, nikakuta mtu mmoja peke yake. Nikaandika Emanueli, nikaandika tarehe, nikahifadhi. Halafu nikachapa cheti ambacho hakuna aliyekiomba, nisome tu pale panaposema amefunga ndoa.