Sponji ya Kiti cha Nyuma

Mwenye pikipiki mimi humjua kwa kiti chake. Wengine watakusimulia habari za injini, sijui nguvu, sijui mbio. Mimi ninayeshona viti mwaka wa kumi na tisa huu natazama pale alipokaa. Mwenye haraka hukila kiti kwa mbele, karibu na tangi. Mwoga hukichakaza pembeni kwa kubana mapaja. Mzee Kozi alipokuja mara ya kwanza, kwa miguu, kiti kikiwa kwapani, nilikilaza mezani nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona kabla. Mbele palikuwa sawasawa, mahali pa mtu mtulivu. Nyuma, kwenye nafasi ya abiria, palikuwa na shimo la haja, nalo limeegemea kushoto.

"Hapa nyuma anakaa nani?" nikamuuliza.

"Mama watoto."

"Mbona anakaa upande?"

"Nyonga ya kulia inamsumbua. Lakini kubaki nyumbani hataki."

Wiki iliyofuata akaja naye ili nipime egemeo la mgongo. Mwanamke mfupi, mcheshi, koti la ngozi limemfika magotini. Alikaa juu ya kile kiti pale pale mezani kwangu, akajisogeza kushoto, akasema, "Wifi, nishonee vizuri, maana huyu kaka yako ana wake wawili na mimi ndiye mke mdogo." Mke mkubwa alikuwa pikipiki. Nilicheka mpaka sindano ikaniponyoka. Tangu siku hiyo yeye akawa wifi yangu na mumewe akawa kaka, ingawa wateja wengine siwapi undugu hata wakiuomba. Mimi si mtu wa kubembeleza; waulize waliowahi kunisumbua.

Huyo kaka alikuwa mpima maji. Kazini alikaa kwenye chumba chenye vigae vyeupe, akitia matone ya dawa kwenye chupa za maji ya bomba na kuandika rangi aliyoiona. Miaka thelathini ya kuandika rangi ya maji humfanya mtu asikurupuke. Hata pikipiki yake aliichagua hivyo. Alikuwa na daftari la mistari, ukurasa mmoja kwa kila pikipiki: uzito, urefu wa kiti, joto linalopanda magotini, upepo unaoruka juu ya kioo na kugonga kofia. Pikipiki zenyewe ni zile kubwa za masafa, zenye mbio za mashindano lakini zina kioo mbele na masanduku ubavuni, za mtu anayetaka kufika mbali bila kuvunjika kiuno. Chapa zilizowagombanisha watu zilikuwa mbili, Kozi na Radi. Radi ukiigusa tu imeshaondoka. Kozi huanza taratibu, lakini ikishika mwendo imeshika. Yeye alichukua Kozi, na aliichukua kwa moyo wote: fulana ya Kozi, kikombe cha Kozi, kibandiko cha Kozi kwenye mlango wa friji. Jina alilopewa na wazazi wake likafa kifo cha kawaida, akabaki Mzee Kozi.

Kila Jumapili asubuhi watu tisa walikutana kwenye kituo cha mafuta kinachotazamana na duka langu, watano wa Kozi na wanne wa Radi, na hawakuondoka bila kubishana.

"Hiyo Kozi yako ni friji lenye magurudumu!"

"Na Radi yako je? Ukipiga chafya tu, barabara nzima tunaokota skrubu!"

Wifi ndiye aliyekuwa akiamua kesi, ameshakaa nyuma tayari, mikono kwenye mifuko ya koti la mumewe.

Wifi alifariki miaka minne iliyopita, kwa ugonjwa uliomaliza kazi yake ndani ya miezi mitatu. Nilikwenda mazishini nikamshika kaka mkono. Jumapili ya sita baada ya hapo alirudi kituoni. Egemeo la mgongo alikuwa hajaling'oa, na kiti cha nyuma alikuwa amekifuta vumbi.

Hapo ndipo nilipoanza kuona mtu anavyoachwa peke yake, na haikuwa kwa siku moja. Kiwanda cha Kozi kiliacha kutengeneza mashine za aina yake. Wenzake wa Kozi wakahamia Radi mmoja baada ya mwingine, na kila aliyehama alikuja na sababu zake huku akikwepa macho ya mzee. Radi mpya zilikuwa zinaruka. Kozi ikawa inaachwa. Mwanzoni walimsubiri kwenye makutano ya kwanza. Baadaye wakawa wanamsubiri kule wanakokula, yeye akifika wao wanafuta midomo. Mwishowe wakaanza kuondoka nusu saa mapema, wasimwambie. Siku hiyo ya kwanza nilikuwa nafungua mlango wa duka. Alifika kituoni saa ile ile ya siku zote, akazima injini, akangoja. Baada ya dakika arobaini akavuka barabara kuja kwangu, akaniuliza kama saa yangu iko sawa.

"Iko sawa, kaka," nikamwambia.

Akashukuru, akaenda safari yake peke yake. Roho iliniuma, nikatamani wale mabwana wapite niwachome sindano ya kushonea viti mahali wanapokalia.

Binti yake, aliyeolewa mbali, alikuwa akimpigia simu kila juma. "Baba, uza hilo zee lako, nunua nyingine, urudi kwa wenzako. Utazungumza na kuta mpaka lini?" Safari hii kaka alisikia. Akafungua kurasa mpya kwenye daftari, akaniomba nimsindikize kwenye maduka ya pikipiki, kwa sababu mambo ya viti nayajua.

Duka la Radi lilikuwa la vioo vitupu, sakafu unaweza kujitazamia. Kaka aliinama, akapima, akagonga gonga, akauliza maswali hadi muuzaji akalegeza tai. Mwishowe yule bwana akamwambia, "Panda, mzee, uisikie mwenyewe." Kaka akapanda. Akapanda nyuma.

"Mzee, usukani uko huku mbele," muuzaji akasema, akijikaza asicheke.

"Nauona."

Alikaa pale, miguu kwenye vikanyagio vya abiria, mikono mapajani, akitazama mbele ambako hapakuwa na mtu. Kisha akajisogeza kushoto kidogo, akafumba macho. Akashuka, akaandika. Akaenda kwenye Radi ya pili, akapanda nyuma. Tukavuka barabara hadi duka la Kozi, ambako palikuwa na mashine mpya iliyotoka mwaka huo, na huko nako akapanda nyuma. Kiti cha abiria kilikuwa kipande cha ngozi upana wa kiganja, kimeinuliwa juu utadhani atakayekaa ameadhibiwa.

"Hata wenyewe wamesahau," akasema.

Nilichungulia daftari. Radi alikuwa ameipa tisa kwa injini, tisa kwa breki, nane kwa upepo. Kwenye kiti cha nyuma, sifuri. Kozi mpya nayo, sifuri. Nilikuwa nimesimama saa mbili kwenye viatu vinavyobana, na hasira zangu nimeshawaambia.

"Kaka," nikasema, "huko nyuma hakai mtu."

Alifunga daftari. Njia nzima nilitamani kujizaba kofi. Miaka yote tulikuwa tumemcheka kwa kuing'ang'ania chapa, kumbe chapa haikuhusika. Angefunga ndoa hata na toroli kama wifi angelipenda.

Mwezi haukuisha, akaja na kiti kwapani. Ngozi ilikuwa imepasuka pembeni kwa jua.

"Nimeamua kubaki nayo," akasema. "Badilisha ngozi tu, fundi."

Aliniita fundi, hakuniita dada, nikajua lile neno langu bado linamchoma. Alikuwa anakwenda kwa binti yake wiki tatu, akirudi atakipitia.

Nilitaka kumwomba msamaha, na mimi kuomba msamaha kwa mdomo sijui. Naomba kwa sindano. Nikafumua ngozi ya zamani. Sponji ya nyuma ilikuwa imekufa, imelala, lile shimo limezama upande wa kushoto vile vile nilivyoliona zamani. Sasa kwetu mafundi, kuivisha ngozi mpya sponji iliyokufa ni aibu. Mwenzako akija kukifumua kiti hicho atakutangaza mji mzima. Niliona shimo, na mimi nikiona shimo mkono huwa unanitangulia. Nikatoa sponji zote mbili, nikaweka mpya, ngumu, nikaichonga kwa kisu na kuipiga msasa mpaka nyuma pakawa sawa kama mbele, zawadi kutoka kwangu. Nikapitisha mishono miwili sambamba ya uzi mwekundu, rangi ya Kozi. Nilijipongeza, siwafichi. Sponji ya mbele ilikuwa imemomonyoka, nikaitupa. Ile ya nyuma ilikuwa imelala tu, haijakatika, kwa hiyo niliikata duara nikaiweka juu ya stuli yangu, maana ubao ulikuwa unaniumiza.

Aliporudi nilikuwa nimekaa kwenye cherehani. Nikamwonyesha kiti kwa kidole bila kunyanyuka, nikingoja sifa zangu. Alitazama mishono. Akaweka kiganja mbele, akabonyeza. Akakipeleka nyuma, upande wa kushoto, akabonyeza. Akabonyeza tena.

"Sponji ya nyuma iko wapi?"

Nilielewa kabla hajamaliza kuuliza. Nikanyanyuka pole pole, nikasogea kando ya stuli.

Mimi ni mwanamke mwenye mwili, na nilikuwa nimeikalia wiki tatu, kutwa. Kaka alichuchumaa akaipapasa kwa vidole vyake vya kupimia maji. Shimo lilikuwa katikati, pana, la kwangu mimi. Kushoto palikuwa pamelala sawa na kwingine, na ule ukingo ambao labda ungeonyesha lilipoanzia lile la zamani nilikuwa nimeukata kwa kisu.

"Nikishafika mbali," akasema, bado amechuchumaa, "huwa napeleka mkono nyuma. Nauweka pale. Nauweka tu."

"Nisamehe, kaka." Safari hii nilisema kwa mdomo.

"Ulikuwa unafanya kazi yako."

Akachukua kiti, akakiweka kwapani, akatoka. Afadhali angenitukana. Nilikaa sakafuni nikalia kwa sauti, na mteja aliyeingia na kiti chake akatoka nacho kimya kimya.

Miezi miwili sikumwona, Jumapili wala siku ya kazi. Alipokuja tena alikuja na kiti kwapani, na kabla hajakiweka mezani nilijua si cha Kozi. Kilikuwa kipya, hakijakaliwa na mtu. Koti la Radi alilovaa halikuwa limemzoea mabegani.

"Umeiuza?"

"Nimeiuza. Ilikuwa imebaki pikipiki tu." Akagonga ile sehemu ya abiria kwa kidole. "Hapa pakate, paondoke. Patafungwa sanduku la mizigo."

"Na wenzako?"

"Wamefurahi sana. Siku hizi wananisubiri."

Alisema hivyo kwa sauti ile ile ambayo nadhani alisomea rangi za maji. Nilikwenda kwenye rafu nikateremsha bahasha kubwa ya karatasi. Tangu siku ile nilikuwa nimerudi kukalia ubao. Sponji niliiweka peke yake, nikiwa na tamaa kwamba ikiachwa bila uzito itajiinua, shimo langu lifutike na lile la kushoto lirudi. Kila asubuhi nilikuwa naipapasa kabla ya kuwasha taa. Ujinga, najua, sponji naijua kuliko nduguze. Nikampa.

Aliitoa, akaketi, akaiweka kwenye mapaja yake, akabonyeza upande wa kushoto.

"Hamna," akasema.

Akanyanyuka, akairudisha juu ya stuli yangu, akaipangusa vumbi kwa kiganja.

"Kalia tu, dada. Sponji ni ya kukalia."

Jumapili wanapita watu tisa mbele ya duka langu, wote Radi, wote makoti meusi, huwezi kujua nani ni nani. Yeye namjua kwa sanduku. Huwa natazama mkono wake wa kushoto mpaka wanapopotea kwenye kona, na sijauona ukienda nyuma hata mara moja.

Nami nimerudi kwenye stuli kama alivyosema. Ila nakaa nimejisogeza kushoto. Kiuno kinaniuma, na wateja wameanza kunung'unika kwamba mishono yangu inakwenda upande. Nawaambia watafute fundi mwingine, nami naendelea kukaa hivyo hivyo.