Majina Mawili, Kazi Moja

Nafasi ilikuwa moja tu: mpiga mashine ya kuandikia katika ofisi ya kampuni ya chai, mjini Bukavu. Papa alikuwa ameshakata shauri. Nikiikosa, naenda Bunyakiri kwa shangazi, nikangojee mchumba huko. Mimi! Vidole vyangu vilikuwa vinawasha kwa hamu ya mashine. Sikusoma ili nikae kungojea mtu.

Basi nikashuka kutoka kwetu Bagira hadi kwa tonton, mdogo wa maman, aliyekuwa akiwapigia watu barua kwa mashine barazani karibu na posta. Kinywa chake hakikujua kupumzika. "Patron ataona ma-CV mpaka macho itamuuma," akasema. "Ya kwako inapashwa kumuita: weye, njoo hapa!" Akatia mashineni utepe wa wino wa rangi mbili. Masomo, mashine, lugha, kila kichwa kikatoka chekundu, maneno yake meusi chini. Ee Mungu, ilipendeza! Juu kabisa akaweka jina langu jipya, la mababu, kwa herufi kubwa, maana majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa Zaïre nzima.

Barua ya kuomba kazi ilitakiwa iandikwe kwa mkono. Nikaiandika palepale, furaha imenijaa kifuani, nikatia sahihi, nikapeleka vyote mbio.

Wiki iliyofuata, majina ya walioitwa yakabandikwa mlangoni pa ofisi. Nikaliona langu, nikaruka! Macho yakateremka kidogo. Loo! Jina langu la ubatizo nalo lilikuwepo. Mkono ulikuwa umesaini barua kwa mazoea, na karani alikuwa ameweka barua huku na CV kule. Wakanihesabu watu wawili. Nikisema kweli, nimejishitaki kwa jina lililokatazwa. Nikinyamaza, watatafuta mtu asiyekuwepo.

Nikaitwa mara ya kwanza. Mkubwa wa ofisi, muzee mwenye miwani, aliisifu ile rangi nyekundu, akanipa ukurasa nipige. Niliupiga bila kutazama vidole, nikatoka nikitamani kuimba. Punde karani akaita jina la pili. Akarudilia. Nikasimama, nikaingia tena.

"Weye si umeshaingia?" muzee akauliza.

"Ndiyo, papa. Ni miye tena."

Muzee akaangalia barua, akaangalia CV, akaniangalia mimi. "Citoyenne," akasema, akiniita raia kama ilivyoamriwa siku zile, "hii jina iko ya nani?"

"Ya kwangu, papa. Ile ya kanisani. Mukono ilisahau."

Akainuka, akafunga mlango. Nikaiona njia ya Bunyakiri yote mbele yangu, mpaka kizingiti cha shangazi. Mara nikasikia kicheko. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Mukono yako tu?" akasema kwa sauti ya chini. "Miye, maman akiniita na hii jina mupya, masikio inakataa. Anarudilia ile ya ubatizo, hapo njo ninaitika." Akanirudishia barua. "Andika ingine, saini vizuri. Halafu kesho asubui mufike kazini, nyinyi wote mbili."

Nilipanda Bagira mbio, viatu mkononi. Maman alikuwa uani akichambua maharagwe. Aliponiona kwa mbali akaniita kwa nguvu, kwa lile jina la kanisani, majirani wote wakisikia, nami nikaitika.