Esanse Ambayo Baba Hakuiba

Siku dada yangu aliponipigia simu kuniambia kwamba Baba ameandikiwa barua ya wizi, nilikuwa juu ya bati la nyumba moja huku Vulamba, nafunga panneau za kuvuta umeme wa jua. Hiyo ndiyo kazi yangu hapa Butembo. Nilimwambia mwenye nyumba nitarudi, nikashuka, nikatafuta gari la kwenda Beni na mikono bado michafu.

Baba ni mtunza bustani wa senta moja ya kanisa, upande wa Mavivi. Miaka mingi alikata majani ya uwanja ule mkubwa kwa kupekupe, ile chuma ndefu iliyopinda mbele, mpaka mgongo wake ukakataa kunyooka. Halafu wageni fulani wakaachia senta tondeuse ya kukalia, mashine inayofanana na trakta ndogo, visu viko chini ya tumbo. Baba alijifunza kuiendesha akiwa na mvi tayari. Siku ya kwanza alikaa juu yake wima, amevaa kofia ya misa, akijizuia kutabasamu mbele ya watu.

Mashine hiyo ilikunywa esanse, yaani petroli, na esanse ilianza kupotea. Ufunguo wa depo, stoo ya mafuta, ulikuwa kwa ekonomu, mwanaume aliyetunza mali ya senta. Ekonomu huyo alikuwa pia na pikipiki. Mpishi alijua, mlinzi wa mlangoni alijua. Lakini ilipofika saa ya kutaja mwizi, walimchagua mzee asiyesoma Kifaransa. Walimletea ile barua, akaweka kidole gumba chini yake.

"Sababu gani uliweka kidole, Baba?"

"Balisema ni ya kuonyesha tu kama nimeipokea."

Nilimkasirikia yeye pia, naungama. Nilimkasirikia kwa kuamini, kwa kukaa kimya, kwa kunitengea mezani viazi vizuri vilivyotoka Kipese kana kwamba nimekuja kusalimia. Sikula.

Asubuhi nilienda kwa padri mkubwa wa senta. Alinisikiliza vizuri, akaniambia maneno yamekwisha: Baba hatafukuzwa, amesamehewa. Ila tondeuse itawekwa kando, naye atarudia kupekupe yake. Nilimuuliza anasamehewa nini. Padri alitazama dirisha. Hapo nikamwomba anipe mashine, niibadilishe itembee kwa umeme, ili pasiwe tena na tone la esanse la kumsingizia mtu. Alikubali upesi. Nadhani alitaka tu nitoke ofisini.

Nilifanya kazi ile kwa hasira, na hasira hufungua bulo zilizoshikwa na kutu. Nilitoa moteri ya esanse, tangi, mpira wa mafuta, vyote. Mteja wangu mmoja aliwahi kuniachia moteri ya tricycle, pikipiki ya magurudumu matatu, ya umeme, iliyovunjika chasi. Hiyo niliifunga kwenye sahani nene ya chuma, mhimili wake ukiangalia chini kama ule wa zamani, puli ileile, mikanda ileile. Betri nne zikakaa chini ya kiti na mbele, zimeungwa moja nyuma ya nyingine. Baba alinishikia taa na funguo za bulo.

Tulipoijaribu, ilirudi nyuma ikagonga ukuta wa jiko la senta, na visu vikapiga majani bila kuyakata. Moteri ilikuwa inazunguka kinyume. Nililia kidogo, nyuma ya nyumba, kisha nikabadilisha nyaya mbili. Mara ya pili ikaenda mbele, bila kelele, majani yakiruka pembeni. Baba alizunguka uwanja mzima, akarudi, akaomba azunguke tena.

Jumapili baada ya misa padri alitaka ionyeshwe kwa waamini. Ekonomu akasimama mbele, mkono juu ya kiti cha mashine, akaeleza jinsi senta ilivyopata akili ya kuacha esanse. Akamalizia kwa kusema itabidi betri nazo zichungwe, maana aliyezoea kuiba hachagui. Baadhi walicheka. Baba aliinamisha kichwa.

Mimi sikupanga kusema kitu. Nilisikia tu sauti yangu.

"Ekonomu, tangu esanse hainunuliwi tena hapa, mbona unakuja kazi kwa miguu?"

Mpishi ndiye aliyeanza kucheka, mkono mdomoni, kisha mlinzi. Ekonomu akaondoa mkono kwenye kiti. Padri akasema tusali, tubariki mashine. Wote wakafunga macho. Mimi niliyaacha wazi, nikamtazama ekonomu mpaka amina.

Nilidhani Baba atanishukuru. Njiani kurudi nyumbani alitembea mbele yangu, na tulipofika aliniambia maneno machache kuliko yote aliyowahi kuniambia kwa hasira.

"Ulinisemea mbele ya batu kama vile nimekufa."

Usiku ule nililala kwa dada yangu.

Ekonomu alihamishwa baadaye, na kwenye karamu ya kumuaga alisifiwa kwa kuleta mashine ya umeme. Baba alipiga makofi pamoja na wengine. Dada yangu ndiye aliyenieleza. Baba angali anakata uwanja ule akiwa ameketi, mgongo unamuuma kidogo kuliko zamani, na mimi huenda kumbadilishia betri zikichoka. Tunaongea vizuri sasa, ila si juu ya siku ile.

Barua ingali ndani ya faili, katika kabati la ofisi ya padri, na kidole cha Baba chini yake. Nimeomba ichanwe. Padri wa kwanza aliniambia karatasi za kanisa hazichanwi. Mwaka huu amekuja mwingine, kijana, mwenye adabu. Nilienda kwake pia, nikaeleza upya toka mwanzo. Akanionyesha kiti, akaniomba nikae kwanza tuzungumze taratibu.

Sikukaa. Nilimwambia afungue kabati.