Kodi Ilipungua, Maji Hayakurudi

Kwetu Walikale nyumba ilijengwa, haikukodishwa. Mtu alikata miti, akaezeka majani, akalala. Kwa hiyo miaka ile ya hamsini, mume wangu alipopata nafasi ya kushonea nguo barazani karibu na soko la Mushaki, kule Masisi, akaniambia kwamba kila mwezi tutampa mtu faranga ili tulale, nilidhani ananitania. Alinionyesha paa la mabati. Niliacha mizigo imefungwa. Akanizungusha nyuma ya nyumba, akanionyesha pipa, na hapo nikaenda kufungua mizigo.

Lilikuwa pipa la chuma lililonifika kifuani, limewekwa juu ya mawe. Mfereji wa bati chini ya paa ulileta humo maji yote ya mvua, na Masisi mvua haiombwi. Wanawake wengine walishuka bondeni na mitungi, wakapanda tena ule mteremko wa udongo unaoteleza. Mimi nilifungua mlango wa nyuma, nikachota. Mwenye nyumba, mkulima wa maharage wa Karuba, mzee mwenye heshima zake kanisani, alitutoza zaidi ya wenzake, na alisema wazi kwamba hiyo ziada ni ya pipa.

Mwaka wa pili upepo uling'oa mfereji, na pipa lilipokaa kavu likaliwa na kutu likatoboka chini. Mimba yangu ya kwanza ilikuwa imeanza kuonekana. Mwenye nyumba alipokuja Jumapili baada ya misa kuchukua kodi, nilimwambia. Akajibu kwamba atalitazama. Alilitazama kweli: alilizunguka, akaligonga kwa fimbo, akarudi Karuba. Mwezi uliofuata akalitazama tena. Sijawahi kuona pipa lililotazamwa kama lile.

Alipokuja mara nyingine, tumbo langu lilikuwa limetangulia mbele yangu, nami nilikuwa nimechoka na mtungi na nimechoka na heshima. Nilimwambia kwamba kama hatengenezi, basi apunguze kodi. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alinieleza taratibu, kama anamfundisha mtoto katekisimu.

"Nyumba iko palepale, Mama. Mabati iko, mulango iko. Mvua ikiozesha maharagi yangu, nani ananipunguziaka mutulo?"

Mutulo ni ile zawadi ambayo kila mkulima wa kule aliipeleka kwa mwenye ardhi baada ya mavuno, yawe mazuri ama mabaya. Nilimjibu kwamba mwenye ardhi hakumwahidi mvua, lakini yeye alituahidi maji, tena alitutoza kwa ajili yake. Akatazama fimbo yake.

Mpaka hapo mume wangu alikuwa anakata kitambaa kana kwamba mambo hayamhusu. Neno kupunguza lilimwamsha. Akaweka mkasi chini, akamwalika mzee waende kuzungumza kiume, na wakaenda kuzungumza kwenye kasikisi, ile pombe ya ndizi ambayo bila hiyo kule hakuna jambo lililokuwa linakatwa. Walirudi wakiwa wameshikana mikono. Kodi imepungua. Mume wangu aling'aa kama aliyeshinda kesi, na mimi pia, nasema kweli, nilifurahi. Nilimpikia mboga aliyoipenda.

Asubuhi yake nilichukua mtungi, nikashuka bondeni.

Sijui kwa nini sikuliona mapema. Zamani nilikuwa na haki ya kulalamika, sasa hata hiyo ilikuwa imeuzwa. Mzee alipokuja tena nikamkumbusha pipa, alinitazama kwa mshangao wa kweli, akasema tunalipia nyumba isiyo na pipa, hivyo walivyopatana. Na ile faranga iliyopungua? Mume wangu aliinywea kasikisi Jumapili, mara nyingi na huyo huyo mzee. Walipatana vizuri sana wale wawili. Mmoja hakutengeneza, mwingine hakulipa, na mteremko wote ukabaki wangu.

Kisha nikaanguka. Mvua ilikuwa imenyesha, mguu ukateleza, mtungi ukapasuka kwenye jiwe na mimi nikakaa matopeni, mikono tumboni, nikiogopa kusimama. Mtoto alikuwa ametulia. Nilikaa pale nikimsubiri, nikimwomba Mungu, na katikati ya sala nikimtukana mume wangu na mwenye nyumba kwa zamu. Mtoto alipopiga teke, nililia. Nikapanda mikono mitupu, na sikushuka tena.

Jumapili ile mzee alikuja kuchukua kodi yake iliyopungua. Mume wangu alimkaribisha chakula, kama ilivyopasa. Nikapika bugali na sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, kwa maji ya mwisho yaliyokuwa ndani, nikaweka mezani moto moto. Kule, mke huleta beseni na jagi, akamwagia mgeni maji mikononi, na mtu wa heshima hagusi chakula kabla ya hapo. Nilileta beseni. Nilileta jagi. Mzee akanyoosha mikono, nikainamisha jagi juu yake, na hakikutoka kitu.

Akabaki hivyo, mikono mbele.

"Maji ya kunawa, Papa, ndiyo ile mulipunguza," nilimwambia. "Mugawanye na bwana yangu."

Mume wangu alikohoa. Mzee alitazama mikono yake, akatazama tumbo langu na goti langu lililochubuka, nadhani kwa mara ya kwanza. Bugali ilipoa. Akaondoka bila kula na bila kuchukua kodi.

Kabla ya Jumapili nyingine alikuja na fundi wa mabati. Tundu likazibwa, mfereji ukarudi mahali pake, na kodi ikarudi palepale ilipokuwa. Watu wakiniuliza leo kama mpangaji anastahili kupunguziwa kitu kinapoharibika, huwajibu kwamba anastahili, ila kwanza waulizwe wanaobeba.

Mume wangu alinuna siku nyingi. Alisema nimempotezea faranga zake. Nilijaza ndoo kutoka kwenye pipa, nikaiweka miguuni pake, nikamwambia aoge anyamaze.