Gesi ya Kiganjani

Hapa Bariadi, fundi wa AC hahesabiwi kuwa amemaliza kazi mpaka amemwonjesha mteja gesi. Asiyeujua mji huu atadhani natania. Mteja ananyoosha kiganja, fundi anafungua koki ya mtungi kidogo, gesi inatoka psss, kiganja kinaganda kwa baridi, mteja anatabasamu na kusema, "Hiyo sasa ndiyo gesi." Kisha wanaagana. Kama chumba kitapoa au hakitapoa, hiyo ni habari ya wiki ijayo.

Nimejaribu kutafuta chanzo cha upuuzi huu, na nadhani ni pamba. Karibu kila mtu huku amekua akimwona baba yake amesimama mbele ya mizani ya mnunuzi, akitazama mshale unaokataa kufika pale alipoutegemea. Baba yangu kule Ipililo alikuwa akirudi kutoka kuuza pamba bila kusema na mtu hadi kesho yake. Kwa mkulima wa Simiyu, mizani ni chombo cha kuibiwa. Ukimwambia umempimia gesi kwa mizani, umejiharibia mwenyewe. Anataka kuisikia kwa masikio na kuishika kwa mkono. Nawaelewa. Bado nawadharau.

Mimi sikusomea ufundi huu chuoni. Niliusoma kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, kamusi pembeni, nikiandika kwenye madaftari ambayo mpaka leo nayafunika kwa gazeti yasichafuke. Nikikosea mstari mmoja, nilichana ukurasa mzima nikaanza upya. Nikifunga nati, naikagua; nikifika mlangoni narudi kuikagua; nikifika barabarani najiuliza kama niliikagua. Sijivuni kwa tabia hiyo. Inachosha, na wanaofanya kazi nami inawachosha zaidi. Ila ndiyo iliyonifanya nisome kibandiko ambacho wenzangu wote walikuwa wakikibandua.

Kibandiko chenyewe ni pembetatu ndogo ya njano yenye mwali wa moto ndani. AC mpya zilipoanza kuingia mjini zikiwa nacho, mafundi walikiondoa kwa sababu kiliharibu sura ya mashine. Nilikitafuta kwenye simu, nikasoma siku tatu. Gesi iliyomo ni ndugu wa ile ya kupikia, tofauti ni kwamba hii haikutiwa harufu. Ikivuja, pua haikuambii. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inashuka na kutambaa sakafuni, inakaa pale ikisubiri cheche. Nilipomaliza kusoma niliwatazama mafundi wa mji huu wakifanya kazi na sigara midomoni, nikaona nimezungukwa na wendawazimu.

Mwendawazimu mkuu nilikuwa nafanya naye kazi kibanda kimoja. Ni mzee aliyeanza na majokofu kabla sijazaliwa, na alinikaribisha kwenye meza yake wakati mafundi wengine walikataa kuwa na msichana. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli, si kwa sababu lilinifanya nimheshimu. Alikuwa na taa ndogo ya shaba, fahari yake. Aliiwasha na kuipitisha kwenye maungio ya mabomba. Mwali ukigeuka kijani, hapo ndipo pana tundu. Kwa gesi za zamani taa ile ilifanya kazi, siwezi kukataa. Kuipeleka kwenye gesi mpya ni sawa na kutafuta petroli inayovuja kwa kibatari.

Siku moja asubuhi tuliitwa na mama mmoja mwenye gesti karibu na stendi. Alikuwa amefungiwa AC sita mpya, na ya chumba namba tatu ilikuwa haipozi. Mzee akachukua taa yake.

"Mzee, hiyo taa leo inabaki," nikasema.

"Inabaki wapi?"

"Hapa. Kule kuna gesi inayowaka."

"Gesi ya friji inazima moto, binti."

"Ile ya zamani. Hii inawaka."

"Umeiona ikiwaka?"

"Nimesoma."

"Amesoma," aliwaambia vijana wa bodaboda waliokuwa wakisubiri abiria mbele ya kibanda. "Daktari amesoma."

"Daktari, mpime na presha!" mmoja akapiga kelele.

Mzee aliirudisha taa kwenye rafu, taratibu, kama mtu anayemridhisha mtoto. Sikutosheka. Sijawahi kutosheka.

"Na kiberiti."

"Kiberiti cha sigara hiki."

"Hichohicho."

Vijana wakaacha pikipiki zao wakasogea. "Anamsachi mzee!"

Kwetu msichana hamnyooshei mtu mzima mkono ili amnyang'anye kitu. Nilinyoosha wa kulia, na kwa wa kushoto nikashika kiwiko chake, kama ninavyotakiwa kupokea kitu kutoka kwa mkubwa, ingawa nilikuwa nampokonya. Mzee akakiweka kiganjani mwangu, nikakitia mfukoni mwa ovaroli.

Mama mwenye gesti alitupokea mlangoni. "Mwangaluka, mayu," nikamsalimu kwa Kisukuma, umeamkaje mama. Akaitikia, "Mwangaluka, mhola," lakini kwa mzee, akidhani mimi ni mbeba mikoba.

Chumba namba tatu kilinipa furaha ya kinyama, ile ya kuona mtu mwingine amekosea kila kitu. Aliyeifunga ile AC alikaza nati moja mpaka akapasua mdomo wa bomba, nyingine hakuikaza kabisa. Dirisha alilipigilia misumari ili baridi isitoke. Kibandiko cha moto nilikikuta mbali: mhudumu alikibandua akakibandika kwenye mlango wa jikoni, kwa sababu kilikuwa na picha ya moto. Nilicheka peke yangu kama mjinga.

Nilifanya kila kitu kama nilivyosoma. Nilizima umeme kwenye swichi kubwa ya nje na kuifunga ili asitokee wa kuiwasha. Niling'oa misumari, nikafungua dirisha na mlango. Mpishi alikuwa na jiko la mkaa kule nyuma, nikamwomba alihamishie upande wa pili wa ua.

"Maharage yangu yameshaanza kutokota, dada."

"Yatatokota kule."

"Mafundi wa leo," akasema, akalibeba jiko kwa kanga yake.

Gesi iliyobaki kwenye mabomba niliitoa nje, mahali pa wazi, mbali na kila kitu. Nilikata bomba lililopasuka, nikatengeneza mdomo mpya, nikajaza naitrojeni, gesi isiyowaka, nikapaka povu la sabuni kwenye kila ungio na kusubiri. Hakuna hata kipovu. Nilipaka tena. Mzee alikaa kwenye stuli mlangoni akinitazama bila neno, na ukimya wake niliuchukua kama ushindi. Nilivuta hewa yote kwa pampu, nikauweka mtungi kwenye mizani yangu ndogo kule nje, nikaijaza AC gramu mia tatu na ishirini, si moja zaidi. Nikafunga dirisha na mlango, nikawasha umeme. Baridi ikaja.

Ningeondoka wakati ule, ningekuwa fundi bora kuliko wote Simiyu, na ningewaambia.

Mama mwenye gesti aliingia, akasimama chini ya AC. "Umeweka gesi?"

"Nimeweka, mayu. Gramu mia tatu na ishirini. Nimepima kwa mizani."

"Mizani?" Alicheka mpaka akashika ukuta. "Wewe binti, umetumwa na wanunuzi wa pamba? Gramu! Mashine yote hiyo inywe gesi isiyofika hata kilo?"

"Hii inatumika kidogo."

"Mimi sijaisikia."

"Chumba kinapoa, mayu, si unaona?"

"Hata kwa mwenzako aliyetangulia kilipoa. Siku mbili. Na yeye angalau alinionjesha."

Mzee alikuwa ameingia nyuma yake. "Hajaonjeshwa," alisema, kwa huruma kabisa, kama mtu anayeeleza kwa nini mtoto analia.

Sasa nitasema nilichofanya. Sitajitetea kwamba nilisahau, maana sikusahau. Madaftari yote yalikuwa kichwani mwangu, pamoja na ule ukurasa niliouchora pembetatu kwa kalamu nyekundu. Nilijua chumba kimefungwa. Nilijua ni gesi gani. Lakini nilikuwa nimefanya kazi safi kuliko yoyote iliyowahi kufanyika katika mji huu, na mwanamke huyu ananicheka na kunifananisha na mwizi wa pamba. Nilitaka aniamini. Nililitaka jambo hilo kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote, ikiwa ni pamoja na yeye kuwa hai.

Nilitoka, nikauleta mtungi ndani. Nikashika ncha ya mpira juu ya kiganja chake, nikafungua koki. Psss. Niliiacha itoke kwa muda mrefu kuliko wanavyoiacha wale, ili aone yangu ni nyingi kuliko yao.

"Ee!" akaruka. "Hii ina baridi kuliko ya wote! Binti, wewe fundi."

Wewe fundi. Nilisikia joto la furaha mpaka masikioni. Niliinama kukunja mpira, nikitabasamu sakafuni, na sakafuni ndiko gesi ilikokuwa.

"Kazi imekwisha," mzee alisema. "Nipe kiberiti changu."

Nikampa. Kwa mikono miwili, kwa adabu, nikijiona msichana aliyelelewa vizuri. Aliweka sigara mdomoni, akatoa njiti, akaiegemeza kwenye ubavu wa kiberiti.

Hakuisugua. Nilipoinua macho alikuwa anamtazama mama mwenye gesti, aliyekuwa bado anajifuta kiganja kwenye kitenge. Akatazama mtungi, kisha akanitazama mimi.

"Si ulisema humu hakiwashwi?"

Niliuweka mpira chini.

"Au ikishamwagwa kiganjani haiwaki?"

Hakuwa ananikejeli. Ningependa sana iwe kejeli. Aliuliza kama anavyouliza mwanafunzi ambaye somo halijamkaa vizuri, na anamwamini mwalimu.

"Inawaka," nikasema.

Alirudisha njiti ndani ya kiberiti, akatoka, akavuka ua wote mpaka getini, na hakuwasha sigara mpaka alipofika barabarani. Nilifungua mlango wote, nikafungua dirisha. Mkono wangu ulikwenda kwenye swichi ya ukutani nizime AC, nikaushika kwa mkono mwingine. Hata cheche ya swichi inatosha. Nikamvuta mama mwenye gesti koridoni, nikaenda kuzima umeme kule nje.

"Mbona unatoa baridi yangu?" akaniuliza.

"Nakagua kitu, mayu," nikadanganya.

Sijui kama ingewaka. Nimepiga hesabu mara nyingi, urefu wa chumba, upana, sekunde nilizoacha koki wazi. Huenda ilikuwa imeshatawanyika. Huenda ingewaka kidogo tu, miguuni mwetu, kwenye pindo la kitenge chake. Hesabu haikubali kukamilika, na mimi ni mtu nisiyeweza kuacha hesabu ambayo haijakamilika.

Tuliporudi kibandani, vijana wa bodaboda walitaka kujua. "Mzee, daktari kaua au kaponya?"

"Kaponya," mzee alisema. "Anajua kazi huyu." Akaenda kunawa mikono. Dharau zote nilizokuwa nimemwekea miezi yote ile zilibaki kwangu, sina wa kumpa.

Kesho yake tulikuwa na vyumba vitano vilivyobaki, vyote vimefungwa na yule mpasua mabomba. Taa ya shaba ilikuwa kwenye rafu, na mzee hakuigusa. Kabla sijafunga mkoba wangu wa vifaa alinipa kiberiti, bila kuombwa, mbele ya vijana wote. Hakuna aliyecheka.

Chumba namba nne kilichukua asubuhi nzima. Nilipowasha umeme, mama mwenye gesti alikuwa ameshasimama chini ya AC, kiganja mbele.

"Haya, fundi wangu. Nionjeshe."

"Sikuonjeshi, mayu."

"Jana ulinionjesha."

"Jana nilikosea. Gesi hii inawaka kama ya jikoni. Ningewasha hata swichi, tungeungua."

Aliushusha mkono nusu. "Kwa hiyo jana ulitaka kunichoma?"

"Sikutaka. Lakini nilikuwa karibu kukuchoma. Mimi, si mwingine. Nilitaka unisifu."

Nilingoja anifukuze, na nilikuwa nimeshaanza kukusanya spana zangu kwa mpangilio wa ukubwa, maana hata kufukuzwa nataka nifukuzwe vizuri. Akamgeukia mzee. "Basi nionjeshe wewe. Wewe si wa vitabu."

"Sina gesi, mayu," mzee alisema kutoka mlangoni. "Na kiberiti sina. Vyote anavyo yeye."

"Sasa nitajuaje kama ameweka?"

"Tukae," nikasema. "Ndani ya nusu saa utajua."

Alikaa kitandani, mikono ameikunja kifuani, akiitazama AC kwa macho yaleyale ambayo baba alikuwa akiitazamia mizani. Nilikaa sakafuni, na sote tukangoja mpaka chumba kikapoa.