Mto Si Mkono wa Bi Harusi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipouharibu mto mzima kwa ujuaji wangu. Usicheke, ngoja kwanza.

Nalikuwa msichana, mpakaji hina wa Mji wa Kale, Mombasa, na mabibi harusi wakinigombania. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nilisifiwa hasa. Bibi yangu yuko kitandani, miguu haimchukui tena, na kila kukicha ataka jambo moja tu: auone mto wa kwao, ule ushukao kutoka bara ukaingia hori ya Tudor, asubuhi ukungu ungali juu yake. Kumbeba hatuwezi. Nikamwapia kwamba nitamletea hapo hapo kitandani.

Jirani yetu Mzee Taibu, Mhindi muuza vitambaa, alikuwa akichora mito kwa rangi za maji. Akanipa karatasi na brashi. Mimi huyo, kila jani la mkoko, kila wimbi, mistari myembamba kama ya hina. Siku tatu shingo imepinda. Nikampelekea bibi. Akakunja mdomo, akasema kwa kile kisauti chake chembamba kama cha kinanda: "Kitambaa cha meza kizuri, mjukuu wangu. Na mto u wapi?"

Nikarudi kwa mzee nimenuna. Naye maneno yake yalitoka puani, moja moja; likitoka la kwanza, waweza kupika chai ukingoja la pili. "Binti... mto si mkono wa bi harusi. Yule hutulia... umpake. Mto wataka kwenda. Upe njia."

Akailowesha karatasi yote, akadondosha buluu, akakiinamisha kibao kilichoishika. Wahenga wasema maji yakimwagika hayazoleki. Yeye ayamwaga makusudi. Nikanyoosha brashi nitengeneze, akanipiga kikofi. Basi nilipochora yangu, ilibidi niikalie mikono. Buluu ikatembea yenyewe, ikakutana na kijani, na hapo zilipokutana ukungu ukazaliwa.

Nikampelekea bibi, akaitazama. Aliivuta shuka tu, akaipandisha juu ya vifundo vya miguu. Nikamuuliza ana nini.

"Isilowe," akasema.

Mwanangu, ukisifiwa kwa kazi moja, usiipeleke kila mahali. Kuna cha kushikwa na kuna cha kuachiwa, na fundi ndiye hutaabika kuachia. Kitu kikiwa na mwendo wake, kiache kiende, hata vidole vikuwashe.

Mola akupe mkono mwepesi na moyo wa subira, na uliyemuahidi asifumbe macho kabla hujamtimizia. Amin.